Unga mweupe kutoka pumba za mchele unayeyuka nyuzi 78, hizi kweli ni steroli?

NyarKano

Hamjambo wana kemia. Niko Kisumu nafanya masta, projekti yangu ni kutoa steroli (vitu vya mimea vya jamii ya kolestro) kwa pumba za mchele wa Ahero na kuzisafisha mpaka nipate beta-sitosteroli ikiwa peke yake. Pumba nilizichukua kwa kinu kikubwa chenye hatua mbili, kile kinachotoa maganda kwanza ndio kisugue mchele, si hivi vidogo vya kupiga mara moja vinachanganya maganda na kila kitu. Nikazipika kwa mvuke siku hio hio juu kila mtu alinionya zinachacha haraka.

Sasa venye nimefanya ni hivi, pumba gramu 120 kwa soksleti (chombo cha kuosha pumba na solventi moto tena na tena) na hekseni mpaka ile hekseni inashuka ikawa haina rangi, nikavukiza, nikapata mafuta ghafi kama gramu 20, ya kijani imeenda kahawia. Nikachemsha na KOH (alkali ya kugeuza mafuta sabuni) ndani ya ethanoli saa moja chini ya kondensa, nikaongeza maji, nikatoa kwa petroli etha (solventi nyepesi ya labu, si petroli ya gari), nikaosha, nikakausha na sodiamu salfeti, nikavukiza tena. Nikayeyusha mabaki kwa ethanoli moto nikaacha yapoe na unga mweupe mzuri ukashuka, karibu gramu 2. Nilifurahi kweli. Lakini kupima kiwango cha kuyeyuka unaanza 74 na kufika 82 umeisha wote, na standadi yetu ya sitosteroli (sampo safi ya kulinganisha) hapa labu iko juu ya 130. Liebermann-Burchard, ile tesiti ya rangi ya steroli, inatoa kijani lakini hafifu sana na inachelewa. Kwa TLC (pleti ya silika ambayo vitu vinapanda na kutengana kwa madoa), hekseni na ethili asetati 4 kwa 1, naona doa moja sambamba na standadi, lingine juu yake kidogo, halafu uchafu mwingine umeburuta mkia.

Supavaiza anasema nipige kolamu tu, yaani nipitishe kwa bomba la silika jeli vitu vitengane. Silika jeli iliyobaki ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kitu sijui ni nini. Huu unga ni nini? Na nikishapata steroli zenyewe, kolamu itanitenganishia sitosteroli na stigmasteroli ama najidanganya?

FundiWaMafuta

Dada NyarKano, sehemu kubwa ya huo unga si steroli. Sitosteroli inayeyuka karibu 136 hadi 140, kampesteroli kama 157, stigmasteroli inapita 160, na hata ukizichanganya zote tatu zikiwa na uchafu wa kawaida haziwezi anguka mpaka 78. Kitu kinachoyeyuka hapo kwa mafuta ya pumba sisi tunakijua, ni nta, ama tuseme kile nta huacha nyuma baada ya KOH kuipitia.

Mimi niko labu ya kiwanda cha mafuta Nakuru, na kabla ya TLC tungeangalia mizani. Mafuta ghafi ya pumba yana vitu visivyogeuka sabuni kama asilimia 4, kwa hivyo gramu 20 zako zingekupa kama gramu 0.8 za kila kitu, steroli, alkoholi za triteapeni, tokoferoli, skwaleni, zote pamoja. Wewe una gramu 2 na hapo hata bado hujahesabu kile kilibaki kwa ethanoli. Kuna wageni kwa hio chupa.

Mgeni wa kwanza ni alkoholi ndefu. Nta ya pumba ni esta, asidi ndefu imeshikana na alkoholi ndefu ya kaboni 24 kwenda mpaka 30 na kitu. Soksleti inatoa moto kwa hivyo inaibeba yote, ungeloweka pumba kwa hekseni baridi ingekuja kidogo. KOH ikiivunja, ile alkoholi haigeuki sabuni, inafuata petroli etha pamoja na steroli zako, halafu kwa ethanoli ikipoa inashuka haraka na inapendeza macho. Hizo ndizo zinayeyuka karibu na 80.

Mgeni wa pili ni sabuni yenyewe. Zile asidi za nta ni za kaboni 22 na 24, na sabuni yake kwa maji baridi haitaki kuyeyuka vizuri, inakaa katikati pale kama utando na ukiwa na haraka inapita na tabaka la juu. Kujua ni rahisi, chukua unga kidogo kwa ncha ya spachula ya chuma uchome mpaka uishe, kwa fyumu hudi (kabati la kuvuta mvuke) na hekseni zote zikiwa mbali. Steroli na alkoholi zinaungua zinaisha kabisa. Sabuni inaacha majivu meupe, weka tone la maji na fenoftalini (rangi ya kuonyesha alkali), ikigeuka pinki hapo jibu unalo.

Dawa yake iko kabla ya KOH. Yeyusha mafuta ghafi kwa asetoni vuguvugu, kama mara tano ya ujazo wake, acha kwa baridi ya nyuzi 5 usiku mzima, nta inashuka, chuja ikiwa bado baridi na uoshe na asetoni baridi kidogo. Usiweke hio chupa kwa friji ya kawaida ya nyumbani, ile swichi ndani inatoa cheche na asetoni haisamehi. Tumia beseni la barafu, na nyinyi Kisumu barafu ya samaki mnayo, ongeza chumvi tu ukitaka ishuke zaidi. Ile nta uliyochuja usitupe, ipige TLC uone kama kuna steroli zimezama nayo.

Na kuosha: maji ya kwanza USITIKISE faneli, izungushe polepole tu. Halafu badilisha, maji, KOH nyepesi, maji, KOH nyepesi, maji mpaka fenoftalini isigeuke rangi. Ikifanya emalshoni (maji na solventi zimechanganyika kama maziwa) weka maji ya chumvi nyingi ama ethanoli kidogo na uende ukunywe chai.

KijanaWaNjoro

Kwani lazima iwe mchele? Huku kwetu agrovet zote zinauza meiz jemu, ile ya ng'ombe, kiini cha mahindi kutoka kwa wasiagaji wa unga wa gredi. Mafuta ya mahindi ni kati ya yale yana steroli nyingi sana, inakaribia asilimia 1, na nta yake si ya kukusumbua hivyo. Ningekuwa mimi ningebadilisha kichwa cha projekti mapema.

NyarKano

@KijanaWaNjoro propozo ilishapita na imeandikwa mchele, kubadilisha sasa ni kuanza safari ya sahihi upya, wacha tu.

@FundiWaMafuta asante sana, majivu yapo!! Na pinki ikatokea, si kali lakini ipo. Kwa hivyo sabuni na nta zote. Nita-anza na asetoni. Ila unga nilio nao naweza kuuokoa ama niutupe?

JaduongKemia

Nyathina, usitupe chochote. Nimefundisha hii kemia miaka mingi na ninaona hapa wamekujibu vizuri upande wa nta, ila kuna jambo la mchele lenyewe hawajaligusa.

Kwanza kuokoa huo unga. Yeyusha tena kwa petroli etha vuguvugu, osha sabuni itoke, kausha. Halafu tumia yurea. Yeyusha yurea kwa methanoli moto, ongeza unga wako, acha upoe. Yurea ikifanya fuwele inajijenga kama mabomba membamba, na molekuli iliyonyooka kama hizo alkoholi ndefu inaingia ndani ya bomba inafungiwa humo. Steroli ina pete nne, ni nene, haipiti mlango. Unachuja fuwele za yurea na alkoholi zikiwa ndani, steroli zinabaki kwa kile kimiminika. Vukiza methanoli, ongeza maji, toa tena kwa petroli etha. Tumia yurea ya labu, si ile ya gunia ya kuweka kwa mahindi, ingawa kemia ni ile ile.

Pili, lile doa lako la juu kidogo ya standadi. Pumba za mchele zina gama-orizanoli, na orizanoli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa esta za asidi ya feruliki. Upande wa pili wa hizo esta kuna steroli za kawaida kama kampesteroli na sitosteroli, lakini pia kuna sikloartenoli na 24-methilinisikloartanoli, ambazo ni alkoholi za triteapeni zenye methili mbili pale kaboni ya 4. KOH ikivunja orizanoli zote zinakuwa huru. Hizo methili mbili ziko jirani na ile OH, zinaikinga isishikwe vizuri na silika, kwa hivyo zinapanda juu ya steroli kwa pleti. Doa lako la juu nadhani ni hizo, na alkoholi za nta nazo hupenda kupanda maeneo hayo hayo, ndio maana lazima nta itoke kwanza ndio usome pleti bila kubahatisha. Hapo kolamu INASAIDIA, supavaiza wako hajakosea. Anza na hekseni tupu, ongeza ethili asetati polepole sana, zile za methili mbili zitatoka mbele, steroli nyuma.

Angalia pia pleti chini ya taa ya UV kabla ya kupuliza asidi. Steroli hazina kitu cha kushika mwanga huo, hutaziona. Ukiona doa linang'aa samawati kwa nanomita 365 hio ni ferulati bado haijavunjika. Esta za feruliki ni ngumu kuliko za kawaida, juu ndani ya KOH ile fenoli yake (OH iliyo kwa pete) inakuwa na chaji na chaji ile inafukuza haidroksaidi isikaribie esta. Saa moja inaweza kuwa fupi, endelea mpaka pleti iwe giza pale. Na kama utachemsha muda mrefu weka pirogaloli kidogo (ya kuzuia oksijeni) na upitishe naitrojeni, steroli zikikutana na hewa na joto zinashika oksijeni pale kaboni ya 7.

Ile kijani hafifu ya Liebermann-Burchard imeshakwambia kitu hicho hicho, steroli zipo ila zimezamishwa.

BiasharaKondele

Wadau naomba kuuliza, mimi si mtu wa shule sana lakini nimesikia hizi steroli zinashusha kolestro na zinauzwa bei huko nje. Naweza toa kwa jikoni nikitumia petroli ama mafuta taa badala ya hio hekseni? Pumba nazo ni bei ya chini hapa Ahero.

MamaLabu

Ndugu BiasharaKondele, hapana, na si kukukatisha tamaa. Hekseni inachemka nyuzi 69, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka upate jiko la jirani. Petroli ni mbaya zaidi na ina vitu ndani yake haviruhusiwi kukaribia kinywa cha mtu. Viwandani wenyewe hawaanzii kwa pumba jikoni, wanachukua yale mabaki yanayotoka wakati mafuta ya soya yanaondolewa harufu kwa mvuke, ama mafuta ya misonobari kutoka viwanda vya karatasi, ndio wanayasafisha kwa tani. Ni kweli gramu 2 kwa siku zinashusha ile kolestro mbaya kama asilimia 8 hadi 10, lakini hizo zimewekwa kwa chakula kwa kipimo kinachojulikana, na kuna watu wachache wamezaliwa na ugonjwa ambao mwili wao unanyonya steroli za mimea kupita kiasi, kwao ni hatari. Mwenye kolestro aende kliniki.

Na kabla mtu alete story ya gome la muiri, mti wa dawa wenye steroli, kutoka msituni, mti huo uko kwa orodha ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 1995 juu ya kubanduliwa ovyo, kwa hivyo wacheni Kakamega na Mau zipumue.

KijanaWaNjoro

Jaduong hujajibu ile ya sitosteroli na stigmasteroli, na mimi nataka kujua.

JaduongKemia

Nilikuwa nakuja huko, stima ilipotea.

Kwa silika ya kawaida, NyarKano, hapo ungejidanganya. Sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli zinatembea pamoja, doa moja. Silika inaangalia OH, na zote zina OH ile ile mahali pale pale. Tofauti iko kwa mkia: stigmasteroli ina boni maradufu (kaboni mbili zimeshikana mara mbili) ya ziada pale kaboni 22, kampesteroli imepungukiwa kaboni moja. Ukitia silva naitreti kwa silika unapata kitu cha kuhisi boni maradufu, na inaenda vizuri zaidi steroli zikiwa zimegeuzwa asetati, lakini sitosteroli na kampesteroli zitabaki zimeshikana kama zilivyokuwa. HPLC ya C18 (mashine ya kolamu ya shinikizo) inatoa sitosteroli vizuri nyuma, ila kampesteroli na stigmasteroli zinaanguka karibu juu ya nyingine, na kwa UV lazima ushuke nanomita 205 ama 210, ambapo kila solventi chafu inapiga kelele.

Wazee walifanya bila mashine. Wakemia Windaus na Hauth mwaka 1906 walikuwa na steroli za maharage ya Calabar kutoka Afrika Magharibi, wakazifanya asetati, wakatia bromini. Asetati ya stigmasteroli inameza bromini nne juu ina boni maradufu mbili, na hio tetrabromaidi haiyeyuki vizuri, inashuka chini. Ile nyingine inachukua mbili tu na inabaki imeyeyuka kwa kimiminika. Unachuja, unaondoa bromini kwa zinki na asidi ya asetiki, stigmasteroli safi iko mkononi. Kemia yote imefanywa na mtu mwenye bika na uvumilivu. Na mkemia Percy Julian huko Chicago karibu 1940, maji yaliingia kwa tangi la mafuta ya soya, mafuta yakaharibika na kitu cheupe kikatanda, wengine waliona hasara yeye akaona ni stigmasteroli, akaitumia kutengeneza projesteroni. Sikwambii umwage maji kwa tangi la watu. Ninachosema ni kwamba maji yanafukuza steroli kutoka kwa mafuta, na hata kwa ethanoli yako asilimia 95 zinapenda kutoka zikiwa zimebeba maji kwa fuwele, kwa hivyo kausha vizuri kwa vakyumu kabla ya kupima kuyeyuka.

FundiWaMafuta

Jaduong naheshimu, ila bromini kwa mwanafunzi wa masta na hizo fyumu hudi zetu tunazozijua, mimi siungi mkono. Kwanza pumba haina stigmasteroli nyingi ya kutafuta hivyo, sitosteroli ndio mkubwa wao. Afanye fuwele mara kadhaa kwa ethanoli aone kiwango cha kuyeyuka kinaenda wapi, halafu apeleke GC (mashine ya kutenganisha vitu vikiwa mvuke).

JaduongKemia

Fyumu hudi hapo umenishinda. Nakubali.

NyarKano

Narudi na habari. Nimeanza upya na mafuta mengine, asetoni kwa barafu ya samaki kutoka Dunga, nta imeshuka mpaka nikaogopa, kama theluthi ya chupa ilionekana nyeupe ingawa baada ya kukauka ni kidogo tu. KOH nimechemsha mpaka samawati ikaisha kwa pleti. Nimeosha kama mlivyosema. Yote isiyogeuka sabuni imetoka chini ya gramu moja, rangi ya chungwa, naona ni karotini na wenzake. Kolamu fupi, zile za juu zimetangulia, na zile za nyuma nimezifanya fuwele kwa ethanoli. Miligramu ni za kuhesabu lakini zinayeyuka 132 hadi 137, hazina majivu, na Liebermann-Burchard inaenda kijani kikali ndani ya dakika chache!!

Ule unga wa zamani niliupeleka kwa yurea, umetoa kidogo pia. Supavaiza sasa anauliza niandike "beta-sitosteroli safi". Naogopa.

MamaLabu

Hongera sana. Na usiandike hivyo bado. Kuyeyuka kwa 132 hadi 137 kunalingana na sitosteroli yenye kampesteroli ndani yake, na hio ndio kawaida, hata chupa nyingi zinazouzwa zimeandikwa sitosteroli huwa na kampesteroli. Tafuta GC popote hapa magharibi ama Nakuru, omba kwa barua ya idara. Geuza OH kwa BSTFA kwanza (rijenti ya kufanya steroli igeuke mvuke kwa urahisi), sampo ikiwa kavu kabisa juu maji yanaila hio rijenti. Zitatoka kwa mpangilio, kampesteroli, stigmasteroli, sitosteroli, na hapo utajua asilimia ya kila moja.

Kama wanataka pia kiasi cha steroli kwa mafuta yenyewe, hio ni kazi tofauti na hii ya kusafisha, usizichanganye kwa tesis. Chukua mafuta ghafi kidogo sana, weka betulini, kiasi unachokijua, kama standadi ya ndani KABLA ya KOH, si baadaye, ili kila kinachopotea kwa kuosha kipotee na betulini pia. ISO 12228, njia ya kimataifa ya kupima steroli, inafanya hivyo, na tena wanapitisha kwa kolamu ndogo ya alumina inayoshika sabuni, hakuna faneli, hakuna emalshoni. Zile steroli zilizoshikana na sukari hutazihesabu kwa njia hii, KOH haivunji boni ya sukari, ile inataka asidi, kwa hivyo andika wazi kwamba ni steroli huru na zile za esta.

NyarKano

Sawa mama. BSTFA tuko nayo chupa moja imefunguliwa sijui lini.

MamaLabu

Hio iache. Uliza kwa labu mtakayoenda kama wana ampuli ambayo haijavunjwa, na hizo miligramu zako funga kwa foili uweke kwa friza mpaka siku hio.